Rangi ya Damu ya Mzee

Kitu ambacho Ferista alikidharau kuliko vyote ni pikipiki isiyobeba kitu. Pikipiki ya kubeba abiria aliielewa. Pikipiki ya kubeba mahindi kutoka Itaka, magunia matatu kwa mpigo na mwendeshaji kakalia tenki, hiyo aliielewa na kuiheshimu. Lakini pikipiki inayofunikwa turubai tangu Jumatatu, ikapanguswa kwa fulana laini kuliko anazovaa mtoto wa mwenye pikipiki, halafu Jumapili ikatolewa ili mwanamume mwenye kitambi akairushe kwenye matuta ya vumbi na kurudi nayo nyumbani bila hata fungu la kuni! Lo! Huo aliuita ugonjwa. Na wagonjwa hao ndio waliomlisha.

Tunduma miaka ile ilikuwa imefura. Malori yalipanga foleni kuelekea Nakonde, upande wa Zambia, mpaka madereva wengine wakaoa humo humo kwenye foleni, na wenye ofisi za kutoa mizigo forodhani walipata fedha haraka kuliko walivyopata akili ya kuzitumia. Nyumba walishajenga. Magari walishanunua. Ndipo mmoja wao akavusha pikipiki ya mashindano kutoka upande wa pili wa mpaka, haina taa, haina kiti cha abiria, haina hata mahali pa kuning'iniza kuku, na kabla mwaka haujaisha wakawa kikundi kizima. Wakajishonea fulana. Wakajiita Vijana wa Vumbi, na kijana kati yao hakuwapo.

Kilichowamaliza kwenye pikipiki hizo ni mapambo. Mikono ya breki, vikanyagio, vifuniko, na habu, yaani kile kitovu cha gurudumu kinachoshika spoku, vyote vilikuwa vya aluminiamu iliyotiwa rangi kiwandani. Si rangi ya kupaka kwa brashi, la. Ni rangi iliyonyweshwa ndani ya ngozi ya madini yenyewe; ukiikwaruza kwa ukucha, unaumia wewe. Nyekundu, bluu, dhahabu. Ilipendeza, tuseme ukweli. Lakini jua la Tunduma lina hila: baridi inakuvalisha sweta, na huku jua linakula kila kilichoachwa nje. Haikupita miezi mingi, habu nyekundu za Idrisa zikawa za waridi.

Za waridi! Rangi ya kandambili za mtoto wa kike wa chekechea. Idrisa, mtu wa Tanga, mwenye malori ya kwenda Kongo, ambaye akiingia ofisini watu walikuwa wakisimama, alianza kuchekwa na matingo, wasaidizi wa malori yake mwenyewe. Walimwona anapita, wakainama kama wanaofunga kamba za viatu, na wengi wao walivaa ndala.

Ndipo akaja kwa Ferista, kwa mlango wa nyuma, na kiroba kwapani.

Ferista hakuanzia kwenye pikipiki. Alianzia kwenye sabuni. Alikuwa Mndali wa Ileje, mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye ulimi ambao wanaume wa mtaa ule walikuwa wakiuzunguka kwa njia ya mbali. Alipika sabuni za mche na kuziuzia madereva wa foleni, na kwenye sabuni huwezi kukwepa kostiki, ile dawa inayochoma vidole. Siku moja akadondosha kwenye ndoo ya kostiki kikombe cha aluminiamu cha rangi ya dhahabu, alichotunzwa siku ya harusi. Alipokiopoa kilikuwa cheupe pe, dhahabu yote imekwenda. Alitukana, akakionyesha kwa mumewe. Mumewe Mika, ambaye katika ndoa ile alikuwa amemwachia mkewe maneno yote, naye akabaki na vitendo, alikigeuza geuza kikombe, akasema, "Hii naijua. Hata kuirudisha najua."

Mika alikuwa amefanya kazi Kitwe, kwenye karakana ya madirisha ya aluminiamu, kabla hajarudi Tunduma kufungua kibanda cha kuchaji betri za malori. Basi mke alikuwa na kostiki, mume alikuwa na maji ya betri na umeme. Mungu akikupa jirani mzuri mshukuru, lakini akikupa mume na mke wa namna hiyo amekuonea tu huruma.

Kazi yenyewe haikuwa na uchawi. Kipande kinatumbukizwa kwenye maji ya kostiki, kinatoa mapovu kama kinachotokota bila moto, na rangi ya zamani inaachia. Hapo ndipo pa kuwa macho, maana kostiki haijui kushiba. Ukienda kumsalimia jirani, unarudi unakuta inakula aluminiamu yenyewe na tundu la skrubu limekwisha meno. Kikitoka ni cheusi kama sufuria ya kuni, kinasuguliwa kwa msasa mpaka kitakate. Kisha Mika anakining'iniza ndani ya maji ya betri yaliyozimuliwa, kwa waya wa aluminiamu, si wa shaba, anaunganisha chaja ile ile ya malori, na umeme unakitoboa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo ndivyo vinavyokunywa rangi. Rangi yenyewe ni ya batiki, ya kwenye pakiti. Mwisho kinachemshwa kwenye maji matupu ili vitundu vifunge midomo. Usipochemsha, mvua ya kwanza tu mwenye pikipiki anashuka na suruali yenye madoa mahali pabaya.

Kule kutoa rangi ya zamani wao walikuita kuchuna. Na kwa vile vipande vyote vilifanana, walivitaja kwa jina la mwenyewe, kama mshonaji anavyosema "huyu nimeshamkata, bado kumpindia." Kwa hiyo ungepita nje ya ua ule ungemsikia Ferista akipaza sauti: "Mika! Idrisa nimeshamchuna, mtundike!" Au: "Huyu mnene wa ofisi ya kona hachuniki, ana ngozi ngumu!" Au, "Mchemshe huyo haraka, mkewe anamsubiri!" Walicheka wao wawili, basi. Hawakuwaza mwingine.

Idrisa alipoleta habu zake mara ya kwanza aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaona haya hata kufungua kiroba.

"Mama Tupo, niokoe," alisema. "Zimekuwa za waridi. Matingo wananicheka."

"Wanacheka habu au wanakucheka wewe?"

"Mama Tupo, tafadhali. Na hili liwe siri. Nimeshawaambia wenzangu kwamba nimeagiza mpya kutoka Afrika Kusini."

Ferista alicheka mpaka akashika ukuta. "Mficha uchi hazai, Baba Ikram. Lakini wewe ulishazaa, basi ficha."

Nyekundu ya pakiti ilikuwa na kimbelembele, hivyo aliikorogea nyeusi kidogo, ikatulia, ikawa ile rangi ya damu ya mzee ambayo kila mwenye kitenge anaijua. Idrisa alipotokea Jumapili na habu za damu ya mzee, Vijana wa Vumbi walikaribia kulia kwa wivu. Na wewe unadhani nini kilifuata? Mmoja mmoja, kila mtu kwa siku yake, wakaanza kupita mlango wa nyuma na viroba kwapani. Kila mmoja alijua siri kwamba Mama Tupo anaweza, maana fundi wa pikipiki zao ni mmoja na mdomo wake hauna kizibo. Kila mmoja akaapa kwa wenzake kwamba vyake vimetoka Afrika Kusini. Na kila mmoja alidhani mjinga ni yule mwingine. Watu wazima! Wenye makabati ya chuma na wahasibu! Ferista alikuwa akiwapokea, akiwatukana kwa heshima, akiwafungia mlango, kisha akiwatukana bila heshima.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa wakati baba mkwe wake alipoletwa.

Mzee Enoka, baba yake Mika, alikuwa ameanza kupoteza macho, na Ileje alikokuwa hapakuwa na mtu wa kumpeleka hospitali. Mika akaenda kumchukua. Sasa hapo ndipo ilipo shida, kwa kuwa kwa Wandali wa kizazi chao mke hamwoni baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, hapiti alipopita yeye, na jina lake halipandi kwenye ulimi. Wakikutana njiani mke anaingia majanini. Si chuki hiyo, ni heshima, na heshima hiyo ina pande mbili: mzee naye akisikia sauti ya mkwewe mahali, anajirudisha alikotoka. Tangu aolewe Ferista hakuwahi kuuona uso wa mzee yule. Wa dini walishamwambia aache mambo ya kizamani. Akawajibu kwamba yeye ana midomo ya kumdharau kila mtu Tunduma, basi aachiwe mtu mmoja wa kumheshimu.

Mika alimjengea baba yake chumba cha bati, kimeegemea ukuta wa kibanda cha kazi, mlango ukitazama upande mwingine. Chakula alimpelekea yeye mwenyewe. Akisafiri, Ferista aliweka sahani kwenye kigoda, akagonga bati, akakimbia kama mwizi, huyo mwanamke ambaye askari wa forodha walikuwa wakimkwepa. Mzee akitoka kuota jua anasikia upande wa pili wa nyumba, "Mnene huyu nimchune mara ngapi!", anarudi ndani na kufunga mlango wake. Na kwa kuwa sauti ya Ferista ilianza na jogoo na kukoma na taa, mzee akawa mtu wa ndani. Ulimi wa mkwewe ndio uliokuwa kufuli lake. Hilo Ferista hakuliwaza hata siku moja. Alidhani tu mzee ni mgonjwa, na kila siku alimwongezea mboga.

Jirani yao alikuwa Elina, mama aliyehamia kutoka Chitete, huko Momba, muuza vitumbua, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, na mtu ambaye shingo yake ilikuwa imerefuka kwa kuchungulia. Elina alikuwa ameona mengi. Aliona wanaume wenye fedha wakipita nyuma ya nyumba na viroba, wakitazama huku na huku. Alisikia "nimeshamchuna" na "mchemshe." Aliona pia mzee akishushwa kwenye gari, kisha hakumwona tena.

Kwa mtu wa kwingine neno kuchuna ni la mbuzi tu. Kwa mtu aliyekulia pande za Mbozi na Momba halikuwa la kuchezea. Si miaka mingi nyuma uvumi wa wachuna ngozi ulikuwa umetanda huko, watu wakafunga milango jua likiwa bado juu, na mtoto akichelewa dukani mama anaanza kupiga yowe kabla ya kuuliza. Ferista mwenyewe aliyajua hayo. Lakini aliyekuwa anamwambia achunge mdomo wake ni nani? Mika?

Siku moja Ferista akamwaga mtaroni maji ya rangi yaliyochoka. Yakatiririka mekundu mazito mpaka mbele ya jiko la vitumbua.

"Dada Ferista," Elina akaita kutoka ng'ambo ya mtaro, "maji haya ni ya nini?"

Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Hilo ndilo lingekuwa jibu, na mambo yangeishia hapo. Lakini Ferista alikuwa na ugonjwa wa kutoridhika na jibu dogo.

"Damu ya mzee," akasema bila kuinua kichwa. "Nimemaliza kuchuna sasa hivi. Lete kikombe nikukingie."

Elina akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayesubiri kuambiwa kwamba ni utani. Hakuambiwa. Akajaribu njia nyingine.

"Na baba mkwe wako anaendeleaje? Mbona hatumwoni?"

Na hapo, ndugu yangu, ulimi ule uliokuwa na majibu ya wilaya nzima ukakwama. Mtu hamtaji baba mkwe wake barabarani na jirani wa vitumbua. Ferista aliinamisha macho, akavuta kitenge mpaka kwenye nyusi, akachukua ndoo yake na kuingia ndani kimya kimya.

Elina akabaki amesimama, mwiko mkononi, kitumbua kinaungua. Akajumlisha. Maji mekundu, damu ya mzee. Mzee, kimya. Na joho lake la kwaya, analolivaa kila Jumapili ya Mungu, ni la rangi gani? Damu ya mzee! Yeye mwenyewe ndiye aliyelichagulia rangi hiyo dukani. Lakini hofu ikishamkalia mtu haimpi nafasi ya kukumbuka joho.

Maneno yalitembea kwa miguu yao. Kwenye kisima yalikuwa mzee anaumwa. Kwenye kijiwe cha bodaboda mzee ametoweka. Yalipofika sokoni mzee alikuwa amechunwa, ngozi imekwenda Zambia kwenye kiroba. Lisemwalo lipo, walisema, na wasiojua kitu huipenda sana methali hiyo.

Walikuja Jumamosi mchana. Mika alikuwa amekwenda Mbeya kununua maji ya betri, na binti yao Tupokigwe alikuwa bwenini Vwawa. Ferista alikuwa peke yake kibandani, ametoa vifuniko viwili kwenye beseni la rangi lililokuwa mlangoni, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Alisikia vishindo, akatoka nje hivyo hivyo. Umati ulipoona mikono ile ukatoa mguno mmoja.

Mbele walikuwa vijana wa bodaboda, mmoja ana kidumu cha petroli. Katikati walikuwa akina mama, na Elina kati yao, analia tayari. Nyuma kabisa alikuwa Timotheo, mwenyekiti wa mtaa, mtu ambaye hakuwahi kuwa na wazo lake mwenyewe tangu achaguliwe, na umati huu aliuongoza kwa kuufuata.

"Mzee yuko wapi?" walipiga kelele. "Mtoe mzee Enoka!"

"Mmekula nini leo?" Ferista akawajibu. "Mnataka nini kwangu?"

"Mzee! Tumwone mzee!"

Aliwatazama usoni, mmoja baada ya mwingine, akaelewa. Akanyoosha mkono mwekundu kuelekea nyuma ya nyumba. "Mlango uko kule. Nendeni mkaangalie wenyewe."

Hakuna aliyekwenda. Thubutu! Mashujaa wale wa mawe na petroli, nani aingie chumba cha wachunaji? Walisukumana, kila mmoja akamtanguliza mwenzake, mwisho wakarudi pale pale kwa mwanamke mmoja aliyesimama peke yake.

"Mwite wewe," alisema Timotheo kutoka nyuma, sauti nyembamba. "Mama Tupo, mwite tu kwa jina mara moja. Akiitika tunaondoka."

Jambo dogo kiasi gani! Jina moja. Mtoto wa chekechea angeliita. Ferista alifungua kinywa. Watu wakanyamaza kusikiliza. Tangu aolewe, jina lile lilikuwa halijawahi kugusa meno yake. Hata kanisani lilipotajwa kwenye Biblia alikuwa akiangalia chini. Alijua kwamba akilitamka yuko salama, na alijua vilevile kwamba akishalitamka kwa kuogopa watu hawa, watu anaowadharau kuliko nzi wa sokoni, hatabaki na kitu kimoja duniani ambacho hajakivunjia heshima. Akafunga kinywa.

"Mnaona?" akalia Elina. "Hawezi! Siku ile pia hakuweza!"

Ndipo Ferista alipomwona Idrisa. Alikuwa pembeni ya umati, kakaa juu ya pikipiki yake, mguu mmoja chini, amekuja kutazama kama wengine. Habu za damu ya mzee ziling'aa chini yake. Nyuma yake walikuwa wawili wengine wa Vijana wa Vumbi, nao na vipande vyao. Moyo wa Ferista ukaruka kwa furaha. Wale pale! Watu waliokaa kwenye ndoo zake, walioshika kwa mikono yao vitu alivyovichuna!

"Baba Ikram!" akaita. "Waambie. Waambie hizo habu zako zimetoka wapi, na rangi hiyo inaitwaje."

Watu wote wakageuka. Idrisa akatazama habu. Akatazama matingo wake, waliokuwamo mle mle kwenye umati na macho yamewatoka. Unaweza kuamini kwamba mtu anaweza kupima roho ya mwanamke kwa upande mmoja na kicheko cha matingo kwa upande mwingine? Alipima. Ferista alimwona akipima.

"Zimetoka Afrika Kusini, mama," alisema Idrisa. "Kila mtu anajua."

Na wale wawili nyuma yake wakatikisa vichwa kukubali. Wala hawakuulizwa.

Ferista alikuwa amewadharau watu hao kwa muda mrefu, kwa raha, kama mtu anavyokula karanga. Sasa akajua kwamba hakuwa amewadharau vya kutosha. Jiwe la kwanza likapiga beseni. Rangi ikamwagika miguuni kwake, wanawake wakapiga yowe, na kijana mwenye kidumu akaanza kufungua kifuniko.

"Nani anaita jina langu?"

Sauti ilitoka pembeni ya nyumba. Ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu asiyezoea kupaza. Ferista aliisikia na mwili wake ukafanya wenyewe ulichofundishwa: aligeuka, akauelekeza uso wake ukutani, akajifunika kitenge kichwani. Mgongo wake akawaachia wenye mawe.

Mzee Enoka alitoka polepole, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine ukipapasa bati. Alivaa sweta na kofia ya sufu. Watu wa mbele waliruka nyuma wakawakanyaga wa nyuma, na mwenye kidumu akakiangusha.

"Mmetaka kuniona. Haya, nioneni," alisema. "Ngozi hii hapa. Ni kuukuu, lakini yote ipo. Kuna anayeitaka?"

Hakuna aliyeitaka.

"Nani aliyesema Afrika Kusini?"

Hata Elina aliacha kulia.

"Macho yangu hayaoni vizuri, basi rudia nikutambue. Hutaki? Nitarudia mimi." Na yule mzee akabana pua, akatoa sauti ya Idrisa kabisa, lafudhi ya Tanga na yote: "'Mama Tupo, niokoe. Zimekuwa za waridi. Matingo wananicheka.' Ndiwe? Ukuta wangu ni bati, kijana. Mimi sina redio. Ninyi ndio redio yangu."

Tingo mmoja aliangua kicheko. Akafuata wa pili. Mzee akaelekeza sikio upande mwingine.

"Na wewe unayekohoa hapo, usikohoe, nimeshakujua. Wewe ndiwe wa vikanyagio, uliyeomba mkeo asijue. Na yule mnene wa ofisi ya kona yuko? Na aseme neno moja tu."

Yule mnene hakusema neno. Alikuwa ameshaanza kuisukuma pikipiki yake kwa miguu, bila kuiwasha, na umati ukampisha huku ukitazama habu zake, vifuniko vyake, rangi zake zote. Idrisa aliwasha ya kwake, ikakataa, akaipiga teke mara nyingi, na kila teke lilipokewa kwa kicheko. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo damu ya mzee ni rangi?" Mwingine akamjibu, "Si ndiyo rangi ya joho la Elina!" Elina akajipenyeza katikati ya watu na kupotelea kwenye vitumbua vyake. Timotheo alikohoa, akasema kwamba serikali ya mtaa imeridhika, na akaondoka mbele ya umati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Kuomba radhi? Nani? Watu waliotaka kumchoma mtu moto huwa wana haraka ya kurudi kazini.

Uani wakabaki wachache, waliotaka kuona mwisho. Ferista alikuwa bado ameupa ukuta uso wake. Chini ya kitenge alikuwa akihesabu hatua za mzee zikikaribia badala ya kwenda mbali, kinyume na kila alichofundishwa.

"Geuka," alisema mzee nyuma yake.

Hakugeuka.

"Geuka, Ferista. Nimesema mimi. Ungeniita wangekuacha, nimesikia yote. Hukuniita. Basi heshima umeimaliza, hakuna nyingine unayodaiwa. Geuka, mwanangu."

Ferista akageuka. Kitenge kilikuwa kimemteleza mabegani. Akaona uso wa mtu mzima wa kawaida kabisa, pua ya Mika, masikio ya Tupokigwe, macho yenye ukungu yaliyokuwa yakijitahidi. Mzee alimsogelea karibu sana ili aone, akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye miguu yake iliyolowa rangi.

"Kumbe ndiwe mdogo hivi?" alisema. "Kwa mdomo ule, mimi ndani nilidhani unajaa mlango."

Ferista akalia pale pale mbele ya waliobaki, kwa sauti, wala hakujifunika.